Jiwe la Uji

Mama yangu alikuwa akisema mimi nilizaliwa nimeshakasirika. Eti nilipiga kelele moja, nikanyamaza, nikawa namtazama mkunga kama mtu anayengoja kuombwa radhi. Mama alikuwa hodari wa kutia chumvi, kwa hiyo sijui. Ninachojua ni kwamba hasira ndiyo iliyonifanya nikawa mkunga, na hasira hiyo niliipata juu ya lori la mahindi.

Nilikuwa msichana wa dukani. Baba alitoka Kondoa na cherehani moja, akafungua duka Karatu. Alishona kanzu za Waislamu wenzake na suruali za wakulima Wakristo, na mimi nikipima sukari na mafuta ya taa. Siku moja jirani yetu, mke wa muuza ngozi, alishikwa na uchungu na mtoto akakataa kutoka. Karatu wakati huo tulikuwa na zahanati ya kufungia vidonda tu. Wakampandisha juu ya lori lililokuwa linapeleka mahindi Mbulu, nami nikapanda kumshikia kichwa. Mvua ikanyesha, lori likazama kwenye matope, wanaume wakashuka kusukuma. Mtoto alizaliwa juu ya magunia, akalia kidogo, akanyamaza. Mama yake alifika Mbulu akiwa hai, lakini Karatu hakurudi. Nilimshika mkono njia nzima na sikujua la kufanya hata moja. Nilirudi nyumbani nimekasirika na kila kitu: mvua, dereva, mumewe, serikali, na mimi mwenyewe.

Basi nikaenda kusomea ukunga. Baba alipinga. Mama akamwambia, "Mwache aende. Huyu ukimzuia atatuchomea duka."

Niliporudi, Uhuru ulikuwa bado mbichi, na ile zahanati ilikuwa imekua ikawa hospitali ndogo. Majengo yake hayapo tena leo na jina lake halina haja hapa. Ilikuwa na wodi ya wanaume, wodi ya wanawake na watoto, na wodi ya wazazi, ambayo nilikabidhiwa mimi. Wanawake waliotoka mbali walikuja mapema, wakakaa pale na matumbo yao wakingoja siku zao, wakisuka mikeka na kusengenya mama wakwe. Niliipenda wodi ile kuliko nyumba yetu.

Mkubwa wetu tulimwita Bwana Mganga. Alikuwa mtu wa Kilimanjaro, mwembamba, msafi, tai shingoni hata siku ya kuchimba choo. Alikuwa mtu mwema, ila mwoga wa wakubwa. Siku moja alituita wote barazani akatuambia kwamba daktari mkuu anakuja kutoka Arusha kutukagua, tena karibuni.

"Wanataka kujua kama tunastahili kuitwa hospitali," alisema. "Tukistahili, tunapata cheti, tunaletewa vitanda na mkunga wa pili. Tusipostahili, tunarudishwa kuwa zahanati. Wodi ya wazazi inafungwa."

"Inafungwa, halafu wazazi waende wapi?" nikauliza.

"Mbulu."

Niliyaona tu yale magunia ya mahindi.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekaa kitako. Tulipaka chokaa kuta, tukapaka mawe ya njiani, tukapaka mikaratusi ya langoni hadi kimo cha mtu. Tulichemsha kila kinachochemka. Wafugaji waliokuja kuuguza wake zao kutoka Enguserosambu walikatazwa kufunga mbuzi kwenye nguzo za baraza, wakawafunga uzioni, na mbuzi mmoja akala mkono wa gauni langu jeupe lililokuwa limeanikwa. Nilimfukuza mbuzi yule mpaka barabarani, na koleo la kutolea vyombo kwenye maji ya moto mkononi, watu wa sokoni wakishangilia upande wa mbuzi.

Bwana Mganga alitufanyisha mazoezi. Yeye ndiye alikuwa daktari mkuu: anatoka nje, anapiga hodi, anaingia mikono nyuma, anapitisha kidole juu ya kizingiti cha dirisha kutafuta vumbi. Sote tulitakiwa kuitikia, "Karibu, Bwana Daktari." Wazazi walicheka mpaka mmoja wao akashikwa na uchungu palepale. Alizaa salama, mtoto wa kiume, na wodi nzima ikawa inamwita mtoto huyo Bwana Daktari.

Sasa nije kwenye kibanda.

Nyuma ya wodi yangu, karibu na uzio, palikuwa na kibanda cha fito na udongo kilichoezekwa nyasi. Alikijenga mlinzi wetu, mzee wa Kiiraqw, bila kuagizwa na mtu. Watu wa nje enzi zile waliwaita Wambulu, wenyewe hujiita Wairaqw, na ndio waliojaza wodi yangu. Kwao, mwanamke aliyefiwa na mtoto katika kuzaa, au aliyetokwa na mimba, hakai na watu kwa muda. Hali nao chungu kimoja, hakai kwenye moto wao, hatumii vyombo vyao. Si kwamba wanamchukia. Wanaamini kifo kimempitia na bado hakijaenda mbali, na mwenye mimba akimkaribia kinaweza kumpitia na yeye. Hata waliobatizwa, wanaoimba kwaya kila Jumapili, walilishika jambo hilo, na mwenye mimba ndiye aliyelishika zaidi. Muda ukiisha anarudi kwa watu, na hakuna anayemnyooshea kidole.

Kabla ya kibanda, mwanamke wa namna hiyo alikuwa akitoroka hospitali damu zikimtoka, au wenzake wanatoroka wao. Kibanda kilimaliza ugomvi. Mlango wake ulitazama uzioni, na mbele ya mlango, hatua chache, palikuwa na jiwe pana. Uji uliwekwa juu ya jiwe, mleta uji akarudi nyuma, ndipo mwenyewe akatoka kuchukua. Bakuli lilikuwa lake, na akiondoka aliondoka nalo. Sindano nilimchoma mimi, maana mimi ni mtoto wa dukani, asili yangu Kondoa, hesabu hizo hazikunihusu. Nililalamika kila siku ya mvua, kwa sababu njia ya kule ilikuwa tope tupu na viatu vyangu vilikuwa vyeupe. Lakini nilikwenda.

Ukaguzi ulipokaribia, kibandani alikuwamo mwanamke kijana kutoka Qurus. Mimba yake ya kwanza. Mtoto alikuwa ameshafariki tumboni walipomleta, na baada yake ikaja homa ya uzazi, ile homa ambayo kabla ya penisilini ilikuwa inachukua wanawake kama mvua inavyochukua udongo. Nilimwambia wazi: sindano hizi ukizikatisha, utakufa. Aliitikia kwa kichwa. Hakuwa msemaji. Mama yake alikuja akasimama ng'ambo ya uzio, mbali, wakaongea kwa sauti kubwa kama watu wa pande mbili za korongo, na ukiwasikiliza walikuwa wanaulizana tu kama kuku wametaga.

Siku moja nilimuuliza kama kuna kitu anakitamani.

"Maziwa," alisema.

Kwao wana ng'ombe. Lakini maziwa ya nyumbani hakuletewa, waliogopa ng'ombe watakauka. Nikamchemshia ya kununua sokoni. Alikunywa kwa adabu, akasema ahsante, na uso ulionyesha kabisa kwamba si yenyewe.

Siku moja kabla ya ukaguzi, Bwana Mganga alizunguka nyuma ya wodi, akasimama, akashika kiuno.

"Nesi, hiki lazima kiondoke."

"Kina mgonjwa."

"Ataingia wodini. Kitanda cha mwisho kiko wazi, na tumeshona pazia jipya la kumzungushia. Nyasi ndani ya uzio wa hospitali! Daktari atasema tunalaza mtu zizini."

"Bwana Mganga, ukikivunja, wodi itabaki tupu. Wote watatoka."

"Watu hawaachi kitanda na dawa kwa sababu ya kibanda. Tumepata Uhuru, Nesi. Tutamwonyesha mkubwa mambo ya mizimu?"

"Mizimu iko kwenye tai yako," nikamwambia.

Ndiyo, nilisema hivyo, kwa mkubwa wangu wa kazi. Alivimba, akageuka, akamwita mlinzi. Mzee akaja, akavua kofia, akakitazama kibanda chake, akasema, "Ndiyo, bwana." Mzee wa Kiiraqw akikukubalia haraka namna hiyo, ujue ameshakata tamaa na wewe.

Hakuvunja kwa shoka. Alitoa nyasi kwanza, kisha akang'oa fito moja moja, akazipanga nyuma ya jiko, ndefu na ndefu, fupi na fupi. Jiwe lilimshinda kwa uzito, akaliacha, na kijana aliyekuwa akipaka mawe ya njiani akalipaka chokaa kama mawe mengine. Yule mwanamke wa Qurus alisimama pembeni na bakuli lake mpaka nilipomshika mkono nikamwingiza wodini. Alijifunika kichwa akapita ukutani, mbali na vitanda, akijibana kadiri alivyoweza.

Haukupita muda, safari zikaanza. Mmoja alikumbuka nyani wanaokula mahindi yake. Mwingine alikumbuka mama mkwe mgonjwa, ambaye asubuhi ile ile alikuwa anamsema kwa afya yake ya kupindukia. Wengine hawakukumbuka kitu, walikunja mikeka tu. Wote waliniaga vizuri, mkono kwa mkono. Jua lilipokuchwa nilibaki na wagonjwa wawili: yule wa Qurus nyuma ya pazia lake jipya, na mama mmoja wa Kimaasai aliyekuja na punda kutoka Olbalbal, ambaye mwiko huo haukumhusu, kwao wana yao.

"Watu nakwenda wapi?" aliniuliza.

"Wanaogopa."

"Naogopa nini? Simba?"

Asubuhi ukungu wa Karatu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye madirisha, na manyunyu juu yake. Bwana Mganga aliingia wodini suti imepigwa pasi, akakuta vitanda vimenyooka, shuka nyeupe, vyandarua vimefungwa mafundo yanayolingana, na hakuna mtu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo alilokuwa ametukataza sisi.

"Uzuri wa mkakasi," nikamwambia, "ndani kipande cha mti."

Alijishika tai kama inayomkaba, na ghafla nikamhurumia. Hakukusudia ubaya. Aliitaka ile wodi kama nilivyoitaka mimi, ila aliitaka kwa macho ya mgeni.

Wanawake hawakuwa wamekwenda mbali. Niliwakuta chini ya mikaratusi nje ya lango, wamejifunika mablanketi, wamebanana kwa baridi. Walilala kwa watu jirani, alfajiri wakarudi kukaa pale, maana siku zao zilikuwa zimefika na nyumbani kulikuwa mbali. Mmoja nilimwona usoni kwamba uchungu umeshaanza, anauficha tu.

"Jamani, ingieni ndani. Mnanyeshewa."

"Nesi, tunakupenda," akasema aliyekuwa mkubwa wao. "Lakini tuna matumbo."

"Mtazalia hapa, chini ya mti?"

"Kuna lori la Mbulu linapita mchana."

Wallahi, aliponitajia lori, niliwaza kumvuta kila mmoja kwa kanga yake. Sikuweza, na haikuwa haki yangu. Nilirudi wodini nikakuta yule wa Qurus amekaa kitandani, macho mekundu kwa homa.

"Wenzangu wako wapi?" aliuliza.

"Wanaota jua."

Akatazama dirishani. "Hakuna jua, Nesi."

"Lala."

"Daktari akikuta hakuna mtu, watafunga?"

Alikuwa amesikia yote. Ukuta wa fito na pazia la kitambaa havizuii maneno, na sisi tulikuwa tumepayuka wiki nzima.

"Nimesema lala!" nikamkaripia. Nikaenda jikoni kuchemsha bomba la sindano yake.

Niliporudi, kitanda kilikuwa chuma kitupu. Shuka zetu mpya alikuwa amezikunja vizuri akaziweka kwenye kiti. Godoro halipo, blanketi halipo, bakuli halipo. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na kwenye majani yaliyolowa palikuwa na mburuzo mrefu kuelekea uzioni. Alikuwa amelivuta godoro peke yake, na homa ile, ili asiache nyuma kitu alichokilalia. Nilimwona amekaa juu yake mahali kibanda kilipokuwa, karibu na lile jiwe jeupe, mgongo ameupa wodi, blanketi kichwani, manyunyu yanamnyeshea.

Na mlango wa mbele wanawake walikuwa wanaingia. Walikuwa wamemwona akitoka. Wanafuta miguu, wanapiga hodi, wanakwenda kila mmoja kwenye kitanda chake, mbali na ile kona. Wakati huo huo honi ya Landrova ikalia langoni.

Nililia. Nilikuwa na hasira za kuua mtu, na nililia vilevile. Kisha nikayabeba mapazia pamoja na fremu zake, nikachukua na mpira mpana wa kutandika kitandani, nikatoka navyo. Bwana Mganga alikuwa anakuja mbio, uso umemchangamka kwa kuona vitanda vimejaa.

"Nesi! Unapeleka wapi mapazia? Daktari yuko langoni!"

"Na yeye aje," nikasema, nikampita.

Nilimzungushia mapazia, nikatandaza mpira juu ya fremu, nikaingia chini yake, nikamchoma sindano. Mwili ulikuwa unachoma kama sufuria. Alikuwa anatetemeka, lakini alinishika mkono akauliza, "Wameingia?"

"Wameingia."

"Haya," akasema, akajilaza.

Ya ndani nilisimuliwa baadaye na mama wa Olbalbal, kwa vicheko. Daktari mkuu alikuwa kijana, mweusi kama sisi, wa kwanza wa namna hiyo kufika kwetu, na Bwana Mganga alizidi kuogopa, maana Mzungu asiyetujua ungeweza kumficha mambo, huyu je? Alipita kitanda kwa kitanda, akaridhika. Kidole chake hakikupata vumbi. Akafika kile cha mwisho.

"Hiki mbona hakina godoro?"

"Linafuliwa, Bwana Daktari."

"Leo? Na mvua hii?"

Akasogea dirishani. Nje aliona mapazia mapya ya kijani yamesimama katikati ya majani, yamelowa, na chini yake viatu vyangu.

Nikasikia hatua zikija kwenye tope. Aliinama akachungulia chini ya mpira, maji yakimtiririka kwenye miwani.

"Hiki ni nini, Sista?"

Hapo ndipo mama yangu angejifunika uso kwa ushungi. Nilisimama, nguo zangu zimeloa, nikasema, "Hii ndiyo wodi, Bwana Daktari. Ile ya ndani ni ya kuonyeshea wageni."

Bwana Mganga alifumba macho. Mlinzi, aliyekuwa amewafuata na mwavuli, aliuangalia mwavuli wake. Daktari alimpima yule mwanamke mshipa wa mkono, akamtazama macho na ulimi, kisha akamwambia mlinzi, "Mzee, muulize kwa nini ametoka kitandani."

Mzee akamuuliza kwa Kiiraqw. Alijibu kwa sauti ndogo, na mimi nilielewa kabla haijatafsiriwa, kwa sababu lugha hiyo niliipata dukani.

"Anasema," mzee akaeleza, "angebaki mle ndani, wale wenzake wangezalia njiani. Yeye mwanawe ameshakufa. Wao wa kwao bado wako hai."

Mvua ilikuwa inagonga mpira. Daktari alibaki amechuchumaa, suruali yake nzuri kwenye tope.

"Alikuwa analala wapi kabla ya leo?" aliuliza.

Nilifungua mdomo kumtaja mhusika. Haki ya Mungu, nilikuwa nimeshavuta pumzi. Bwana Mganga akanitangulia.

"Palikuwa na kibanda hapa," alisema. "Niliamuru kivunjwe jana. Nilifikiri kitatuaibisha."

Alisema waziwazi, mbele yetu sote, yeye aliyekuwa anaogopa hata bahasha ya serikali. Daktari akamtazama, akatutazama sisi, akauliza, "Fito mlizitupa?" Mzee akaonyesha nyuma ya jiko. Hapo Bwana Mganga akavua koti, akamkabidhi dereva wa Landrova, akaenda kuzifuata mwenyewe. Yeye, mlinzi na dereva walisimamisha kibanda kile mvuani, na kwa kuwa mzee alikuwa amezipanga fito zake, kilisimama upesi. Tai ilikuwa imezungushwa begani kwa nyuma isishike udongo. Mzee akaezeka akisema peke yake, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na mara ile Bwana Mganga alicheka kidogo. Tangu siku hiyo nilimhesabu kaka yangu, na nikaendelea kumgombeza kama kaka.

Cheti hatukupewa siku ile. Daktari alisema atarudi, na akirudi anataka kukuta nyuma ya wodi chumba cha matofali na bati, chenye mlango wake na moto wake. Wodi ikae wazi mpaka hapo. Niliposikia "ikae wazi" nilikwenda nyuma ya tanki la maji nikalia tena, kilio cha furaha sasa, na yule mama aliyekuwa anaficha uchungu akazaa mtoto wa kike kabla Landrova haijafika barabara kuu. Chumba kilijengwa. Watu wa Qurus walileta mawe ya msingi kwa mikokoteni ya ng'ombe. Cheti kikaja, Bwana Mganga akakitundika, na mimi nikamwambia kimekaa upande.

Mwanamke wetu alipona. Homa ilishuka polepole, akamaliza sindano zake, akaenda kwao kumaliza muda wake, na godoro lile tukampa aende nalo. Nikawa namuulizia sokoni kila nilipoona mtu wa Qurus. Wanasema mzima. Wanasema analima. Halafu siku moja wanacheka tu, hawasemi.

Alikuja mwenyewe msimu wa mavuno, kwa miguu, tumbo liko mbele. Nilimwona kutoka dirishani. Kibuyu cha maziwa begani, mkeka kichwani. Nilitegemea aje mlangoni kwangu, lakini alisimama uani, akamuuliza mlinzi jambo, na mzee akaelekeza kichwa kule nyuma. Chumbani alikuwamo mwanamke, aliyeletwa juzi yake, mimba imemtoka. Alikuwa hajala kitu tangu aje, wala hakutaka kuongea nami.

Nikatoka mbio. Mwenye mimba yeyote wa kwao angezunguka mbali. Yeye alishuka njia ile ile ya tope, taratibu, mkono mmoja kwenye tumbo, mpaka kwenye jiwe, ambalo chokaa ilikuwa bado haijaisha juu yake. Akatua kibuyu chake juu ya jiwe. Akarudi nyuma kama inavyotakiwa, akaita kwa Kiiraqw, "Dada, toka uchukue. Ni ya nyumbani."

Kibuyu hicho kisingerudi kwake tena, na alilijua hilo. Nilimfikia nikamshika mkono, nikiwa nimeshaanza kugomba.

"Wewe! Na tumbo hilo! Na ng'ombe je? Si mnasema watakauka?"

"Huyu ni wa kwangu," alisema. "Baba alinipa nilipomaliza muda wangu. Akikauka, nimekauka mimi."

Mlango wa chumba ukafunguka kidogo. Mkono ukatoka, ukachukua kibuyu. Tulisimama pale mpaka tukasikia anakunywa, ndipo yule wa Qurus akajishika kiuno, akafumba macho, akaniambia, "Sasa twende, Nesi. Uchungu ulianza tangu njiani."